Pombe Niliyoimwaga

Hilde,

Pombe ya kwenye mtungi mkubwa nimeimwaga yote, usishtuke. Nimekwenda Mvumi kwa shangazi yako kuomba kimea kingine.

Ukitoka shamba la kijiji pika uji mwingine wa mahindi, uache upoe kabisa. Nitarudi jioni nitie kimea, na Jumamosi watu wakija kutuezekea nyumba wataikuta imeiva.

Asubuhi nimemkuta baba yako amechuchumaa mtungini, anamimina sukari yetu yote ya mgawo, na hamira juu yake. Nikamwuliza, "Baba Hilde, unafanya nini?" Akanijibu, "Pombe yako ni uji wa wagonjwa. Wanaume watanicheka."

Watamcheka! Nimeipika nyepesi kwa makusudi. Mwaka jana tulipoezeka jiko la jirani yetu Mwanasha, nani aliwanywesha kali kabla hawajapanda juu? Si yeye? Na aliyeanguka ni kaka yangu Beda, mpaka leo goti halikunjiki. Baba yako hajamwomba radhi hata siku moja.

Wadogo zako wanywe uji bila sukari. Wakilia, wamlilie baba yao.

~~Mchana asipewe chakula.~~ Mpe, ni baba yako. Ila mtungi asiusogelee.

Tena mwambie hivi: mjomba wako Beda amekubali kuja Jumamosi. Atakaa chini afunge nyasi. Nataka baba yako awe na akili zake timamu siku hiyo, amtazame usoni, aseme alichoshindwa kusema mwaka mzima.

Mama yako