Mlango wa Chumba cha Mama

Kalama, Machakos
Mwezi wa Agosti

Mpendwa ndugu yangu Masila,

Kosa wanalofanya watu wengi wanaporudisha chumba cha zamani katika hali yake ni kukirudisha walivyokizoea wao, badala ya kilivyojengwa. Mimi pia nusura nilifanye kosa hilo, na ndiyo sababu nimeketi kukuandikia badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika popote.

Kwanza nikujulie hali. Presha inaendeleaje, na je, umepunguza chumvi kama daktari alivyokuagiza, au bado unaificha kabatini? Mama Nzilani naye hajambo? Sisi huku tuko salama. Mbaazi zimekubali vizuri mwaka huu na nimekuwekea gunia. Magoti yangu yananung'unika kila nikipanda kutoka kisimani, lakini huo ni mnung'uniko niliouzoea.

Nimesikia kwamba mbuzi wa ntheo, wale wa kumposa binti yako Nzilani, unataka wapokelewe hotelini mjini. Mama Nzilani aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetangaza msiba. Nilimuuliza mbuzi watafungwa wapi, kwenye maegesho ya magari? Alicheka, kisha akasema umekataa katakata wageni wasikanyage nyumba hii, kwa sababu wazee wa upande wa kijana watauliza ni nyumba ya nani, na wewe hutaki swali hilo liulizwe hapa. Masila, kwa ajili ya swali hilo naomba unisome mpaka mwisho.

Kama ujuavyo, tangu Mei nimekuwa nikitengeneza chumba cha Mama. Ulisema ni heri nyumba yote ibomolewe tujenge vyumba vya kupangisha. Niruhusu nikueleze kilichokuwa kikiiua. Kuta zile ni za matofali ya kuchoma, yaliyoshikanishwa kwa udongo na kupakwa chokaa iliyochanganywa na mchanga wa mto. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea polepole kupitia chokaa, hewa ikaukausha. Kisha tukaja sisi wenye mishahara, tukaupiga plasta ya saruji na kudhani tumeuvalisha suti. Saruji ikaufungia unyevu ndani. Ndiyo maana kila Krismasi ulikuta plasta imebambuka, ukalalamika kwamba chumba kinanuka kama gunia lililonyeshewa.

Nilimwita fundi Kisilu, yule wa karibu na soko, tukabandua saruji yote na kuondoa bodi za dari. Tuliuacha ukuta ukauke tulipokuwa tukilowesha chokaa kwenye pipa. Kisilu husema mimi nakagua plasta kama ninayesahihisha insha, na kwamba siku moja nitamwandikia "rudia" ukutani. Nilimwambia siku hiyo haiko mbali.

Ukuta wa mashariki ndio ulionishika. Wewe na mimi tunakumbuka kabati kubwa la Mama lililosimama pale, na nilikuwa nimekwisha kumwagiza seremala atengeneze jingine kama lile, lirudi mahali pake. Saruji ilipotoka, tuliona matofali ya rangi nyingine, yamepangwa kwa mkono usio wa fundi, mengine yamelala upande. Juu yake palikuwa na boriti ya mti. Ulikuwa mlango, Masila. Mlango wa kutoka nje moja kwa moja, bila kupitia sebuleni.

Nikamwambia Kisilu na vibarua wake wapumzike wanywe chai, nami nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Niruhusu sasa nieleze hata unachokijua, maana wewe na mimi hatujawahi kulitamka jambo hili. Mama alikuwa iweto, mke aliyeolewa na mwanamke. Mbithe, tunayemwita Susu kana kwamba alikuwa bibi yetu tu, alifiwa na mumewe Mutunga kabla hajapata mtoto. Kwa desturi yetu, mjane wa namna hiyo aweza kupeleka mbuzi na mahari, akaoa mwanamke, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Mwanamume aliyetuzaa hakuwa na dai juu yetu. Ndiyo maana shuleni tuliandikwa jina la Mutunga, aliyezikwa kabla yetu sote. Susu alifariki wewe ungali mgongoni, na mimi ninachokumbuka ni kikohozi chake na harufu ya ugoro wake. Kisha ukawa mkubwa, na kwenye uwanja wa shule wenzako wakakuambia kwamba baba yenu hufunga leso kichwani. Ulirudi na shati limechanika, hukumwambia Mama kitu. Tangu siku hiyo nimekuona ukiiangalia nyumba hii kama mtu anayeangalia kovu.

Basi nilipouona mlango ule niliogopa. Niliwaza, huu ndio mlango wa kumwingizia Mama wageni wa kiume, na wazee wa kanisa ndio waliouziba alipobatizwa. Kijijini maneno kama hayo hayakosekani. Nilitaka Kisilu aupake chokaa juu, tulirudishe kabati, nisikuambie. Lakini nisingeweza kusema nimekirudisha chumba kilivyokuwa, ilhali nimeficha mlango wake.

Nikaenda kwa Pauline, rika la Mama, ambaye ndiye pekee aliyebaki kati ya wasichana waliochota maji pamoja. Macho yamemwishia lakini ulimi bado. Nilipoutaja mlango alinikemea kwanza, akaniuliza elimu yangu yote ile ilikuwa ya nini ikiwa sikuwahi kumuuliza mama yangu jambo la maana. Kisha akanisimulia.

Alisema kwamba Mbithe alipopeleka mbuzi kwa kina Mama, alifanya jambo ambalo wanaume wa wakati ule hawakulifanya: alimwita msichana mwenyewe kando na kumuuliza anataka nini. Mama alikuwa amelelewa akilala kwenye ujia, kila apitaye humruka, mlevi na asiye mlevi. Akajibu kwamba anataka mlango. Wenzake walimcheka sana, kwamba wengine huomba blanketi na yeye anaomba mbao. Mbithe hakucheka. Alimleta fundi, ukuta ukakatwa, kufuli likatiwa, na ufunguo ukawa mmoja tu, kwenye pindo la leso ya Mama. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia chumba kile bila kukaribishwa. Na Pauline alisema aliona kwa macho yake Mbithe mwenyewe, mwenye nyumba, mwenye mbuzi na mahari, akizunguka nje na uji wake mkononi, akisimama pale na kubisha hodi.

Nikamuuliza wazee wa kanisa waliuziba lini. Akasema hakuna mzee aliyeugusa. Mama aliuziba kwa mikono yake baada ya matanga ya Mbithe, wewe ukilia mgongoni, na Pauline ndiye aliyekuwa akimpa udongo. Alimuuliza kwa nini anajifungia mlango aliouomba mwenyewe. Mama alimjibu hivi:

"Aliyekuwa akinibishia hodi hayupo. Wengine wote watapita sebuleni."

Masila, mama yetu alimlilia mumewe kwa matofali, na sisi tukaweka kabati juu ya kilio chake na kuona aibu.

Mlango nimeufungua. Chokaa imekauka nyeupe, na asubuhi jua la Kalama huingia mpaka kwenye sakafu nyekundu, ambayo nimeisugua kwa nta mimi mwenyewe, magoti yapende yasipende. Majirani wanakuja kuchungulia. Kisilu huwaonyesha kana kwamba alizaliwa humo. Nimefundisha miaka mingi na kujenga madarasa, lakini sijawahi kujivunia kazi ya mikono yangu kama chumba hiki.

Kwa hiyo nakuomba: mbuzi wa Nzilani waje hapa. Wazee wakiuliza ni nyumba ya nani, wewe kama baba wa binti ndiye wa kujibu, na jibu liko wazi. Ni nyumba ya Mbithe. Ukishindwa kulitamka nitakaa kando yako, lakini ningependa litoke kinywani mwako, na Nzilani akilisikia mbele ya wageni lisiwe geni kwake.

Nisalimie mama watoto na wajukuu wote, na mchungaji wenu ambaye hotuba zake ni ndefu. Pauline anakusalimu, anauliza kama bado unalia usiku. Mungu akutunze.

Leo hii, ukimaliza kusoma, mpigie Nzilani simu umwambie Mbithe alikuwa nani.

Ni mimi dadako,
Winfred