Betri Yako Iko Uani, Bwana Fundi

Mdogo wangu,

Betri ya pikipiki yako nimeitoa jikoni. Iko uani, chini ya bati.

Asubuhi nimeamshwa na harufu ya mayai yaliyooza. Nikamkuta mama jikoni, madirisha yamefungwa, kiberiti mkononi, na betri inatokota kando ya jiko kwa ile chaja ya gari uliyoazima. Nikamshika mkono. Akasema, "Mwache mwenzio, anajua anachofanya."

Hewa inayotoka kwenye betri hulipuka, ewe mjuzi. Ingetosha cheche moja.

~~Usichaji tena hapa nyumbani.~~ Najua hutasikia, basi fanya kama mtu mwenye akili. Chajia nje, kwa chaja ndogo ya pikipiki. Funga waya zote mbili kwanza, nyekundu kwenye chanya, ndipo uwashe umeme. Ukimaliza, zima kabla ya kufungua. Betri ikianza kuwa ya moto, zima umeme. Na vaa miwani, maana tindikali haijali kwamba unaitwa fundi. Mimi imenitobolea sketi ya kazini nikiibeba, na ndiyo hiyo naenda nayo.

Mama alipoelewa, chai hakunywa. Sikutaka ajue kwamba mwanawe anayemsifu kwa majirani ni mjinga kiasi hiki. Nimemwambia uliniachia mimi niichomoe, nikasahau. Sasa hasemi nami.

Mwambie ukweli kabla sijarudi.

Dada yako, mzembe wa nyumba hii mpaka jioni