Nyota ya Babu Haikuwa ya Jeshi

Mdogo wangu Festo,

Vipi Mwanza na joto lenu? Huku Songea baridi imenishinda, nimevaa sweta la Bibi.

Jana nilikwenda naye makaburini kupalilia. Nilibeba ule mchoro wako wa kaburi jipya la Babu, wenye kofia ya jeshi na bunduki, ili fundi aanze kazi. Bibi aliutazama, akauliza, "Huyu askari ni nani?"

Nikamwonyesha ile nyota kwenye jiwe la zamani, nikamwambia hicho ndicho cheo cha Babu cha jeshi.

Bibi alicheka mpaka akakalia mpini wa jembe. "Cheo gani? Babu yenu alikuwa mwashi wa misheni. Mapadre wa Kijerumani ndio waliomfundisha: nyota mbele ya mwaka wa kuzaliwa, msalaba mbele ya mwaka wa kufa. Bunduki yenyewe alikuwa anaiogopa!"

Na tulivyowatambia wakwe zako, Festo!

Kumbe jiwe hilo Babu alijichongea mwenyewe, na pembeni akamchongea Bibi jina, nyota na mwaka, kisha msalaba na nafasi tupu. Bibi akapangusa vumbi kwa kanga, akasema, "Alipenda kumaliza kazi mapema. Mimi sina haraka. Shika jembe, tuwahi kunywa togwa nyumbani."

Fundi nimemrudisha, jiwe linabaki. Wabusu watoto. Wakwe nao waambie ukweli, ila kidogo kidogo.

Dada yako anayekupenda,
Yustina