Mikono Mitupu, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia ingawa marahaba yako siwezi tena kuisikia. Ni asubuhi hapa nyumbani Pasiansi, ziwa limetulia, na ukungu umeyafunika mawe hata ndege waliotua juu yake wanaonekana kama wamesimama hewani. Wiki hii nimekuota mara mbili. Uko majini mpaka kiunoni, hufanyi kitu, unatazama tu.

Ukiwa hai sikukuona hivyo hata siku moja. Ulikuwa fundi wa mitumbwi, lakini mtu akizama ziwani, ni wewe uliyeitwa. Ulimtafuta, ukamleta nchi kavu, ukamwosha matope na magugu kabla ndugu zake hawajafika, ili wamkute bado anafanana na mtu wao. Mimi nilikuletea maji ya uvuguvugu, nikageukia pembeni. Hukupokea malipo, hata soda.

Jumapili mama akitoka kanisani alikukuta unapiga randa. Alikukumbusha tena kwamba matendo mema peke yake hayamwokoi mtu, kwamba wokovu ni zawadi na unapokelewa kwa imani. Ulimjibu kwa upole kwamba zawadi hupewa anayestahili, ukaendelea na mbao zako. Nilikuwa upande wako. Mtu mwema kuliko wote pale mwaloni, penye mitumbwi na wavuvi, bado anaambiwa haitoshi? Nilimkasirikia mama, na hasira hiyo nikaenda nayo mpaka chuo cha uuguzi.

Kisha ukaugua. Alasiri moja, ukiwa huwezi tena kuinua kikombe, ulitueleza jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Ujanani, kabla hujamwoa mama, mtumbwi wenu ulipinduka na rafiki yako Masalu akakung'ang'ania shati. Ulimbandua vidole, ukaogelea peke yako. Masalu hakupatikana. Katika wote uliowatoa majini baadaye, ulisema, ulikuwa unamtafuta yeye.

"Nimeosha watu miaka yote hii na mimi mwenyewe sijatakata," ulisema. "Sasa hata mikono imekataa. Nitamwendea Mungu na nini?"

Nilitaka kukutajia mema yako yote, moja moja. Mama alinitangulia. Alipanda kitandani, akakilaza kichwa chako mapajani pake.

"Nenda hivyo hivyo, Baba Kabula. Mikono mitupu. Sote ndivyo anavyotupokea."

Ulilia bila sauti, kwa muda mrefu. Kesho yake mchungaji alikuja, akakuuliza kama unaamini, ukaitikia, akakubatiza kwa maji ya bakuli letu la chai. Siku ya tatu ulilala, hukuamka. Uso wako ulikuwa umelegea kwa namna ambayo sijawahi kuiona.

Nilidhani mama anayadharau matendo yako. Kumbe miaka yote alikuwa anakuona umechoka, anakutakia upumzike.

Nami nimejiona, Baba. Wodini nakimbia kutoka kitanda hiki hadi kile kama mtu anayetafuta msamaha, wala sijui wa kosa gani. Wagonjwa sitawaacha, hilo nimelipata kwako, nami nalipenda. Ila nataka niwahudumie kama mtu ambaye amekwisha kupendwa.

Ufagio uko kando yangu, nilitaka nikimaliza barua hii nianze uani. Mama ameniita, chai iko tayari. Anasema nisifagie kwanza, nije nikae.

Nakwenda kukaa, Baba. Pumzika salama.

Binti yako,
Kabula