Fimbo Yangu ya Kuvulia Iko Juu ya Kabati

Baba Winnie,

Usiiguse fimbo, gundi haijakauka. Chai iko kwenye chupa.

Asubuhi nimeikuta imevunjika ncha, nawe umeirudisha kwenye mfuko wake kimyakimya! Winnie kaniambia uliibana kwenye mlango wa gari. Ungesema jana, ningeitengeneza mapema. Nimekata palipopasuka, nimepiga msasa, nimebandika upya kipete cha kupitishia mshipi, huku baba yangu ananisubiri kibarazani. Kesho anarudi Musoma. Mwishowe akasema, "Roza, twende tu. Tutapokezana ya kwangu."

~~Usije huku.~~ Njoo Pasiansi mchana, tutakuwa kwenye mawe ya ziwani. Umwambie mwenyewe nani kaivunja, maana nimemdanganya kwamba ni mimi.

Mama Winnie