Mama, Usimpe Mjomba Viti vya Bibi

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Nimewahi basi la shule. Mjomba akija kuchukua viti vitatu vya marehemu bibi vilivyobaki, eti vipakwe vanishi, naomba kwa heshima zote usome hapa kwanza.

Asubuhi nilikuwa nalegeza mguu wa kiti cha Dada, kwa sababu za kielimu. Unavijua viti vile vya zamani vya bibi: mgongo wa ubao mmoja uliokunjwa, miguu imetanuka nje na kuchongoka kama penseli. Kila mguu hufunguka ukiuzungusha kwa mkono. Nikajaribu na kile cha nne, alichokichukua Mjomba kukipaka vanishi akakirudisha juzi. Mguu haukucheza. Nikakipindua: misumari! Kimeigwa vizuri mno, ila aliyekiiga hakujua siri ya miguu.

Nikampigia Mjomba. Akacheka. "Mpwa wangu, kiti ni kiti. Nenda shule." Kisha akauliza kama umeshaamka. Ya nini kuuliza?

Najua ungesema, "Huyu na mizaha yake," ndiyo maana sikukuamsha. Mjomba ni ~~mwizi~~ kaka yako, nami sina neno. Lakini usishangae kuona vile vitatu vimekaa chini sakafuni. Miguu yake yote imo kwenye sanduku langu la shule.

Mwambie tu kwamba miguu imekwenda shule. Kama shida yake ni vanishi, atacheka. Kama kuna mnunuzi anamsubiri, mwangalie usoni.

Kitindamimba wako,
ambaye leo hatanii