Daftari Ambalo Sijalisahihisha

Natta, Serengeti
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe na mama shikamoo yake, usiimeze yote peke yako. Naomba barua hii ikukute umekaa karibu na moto, goti limetulia, na miwani ipo usoni, siyo kwenye mfuko wa lile koti ambalo mama hulifua nayo. Baridi ya Mufindi nimeikumbuka kiasi kwamba nikiona mtu huku amevaa sweta namwonea wivu. Mimi mwili ni mzima. Mengine yote yamechoka, na ndiyo sababu naandika.

Simu nimeiacha kwa makusudi. Mara ya mwisho nilikuuliza kama mvua imenyesha, ukanijibu kwamba ng'ombe amezaa dume. Nilifurahi kwa ajili ya ng'ombe. Lakini ninalotaka kukuambia leo halifai kupigiwa kelele, na hapa shuleni mtandao unapatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya vyoo, ambako kila mtu husikia habari za kila mtu.

Habari za huku ni jua, vumbi na tembo. Juzi tembo wameingia kwenye mahindi ya jirani yangu, wamekula, wamelala, wameondoka. Wageni wanatoka mbali sana kuja kuwatazama kwa kulipia. Jirani huwaona bure, tena kwa karibu zaidi, na hajawahi kushukuru.

Ulinisomesha nije kufundisha Kiswahili, Baba. Mwalimu wa sayansi alipohama, mwalimu mkuu alituangalia sote ofisini, akasema, "Madam Lusungu, wewe huwa unatazama sana ndege." Basi, hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu wa sayansi. Kitabu changu cha ndege nilikinunua mnadani, hakina jalada na kinaanzia ukurasa wa thelathini na moja. Ndege waliotangulia ukurasa huo hadi leo nawasalimia tu bila kuwajua majina.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja wa mambo ya uhifadhi, mpole, mwenye kofia pana. Alituletea madaftari madogo ya kuingia mfukoni, arobaini, na penseli zake. Akasema tuwatoe watoto wa darasa la sita nje, waangalie mimea na wanyama, waandike. Mtoto mwenye daftari bora angechukuliwa wiki nzima kwenye kambi ya wanafunzi ndani ya hifadhi, alale kwenye hema, afundishwe na wataalamu. Madaftari yote yangewekwa mezani siku ya maonyesho, wakubwa wayasome, na askari wa wanyamapori pia.

Watoto wa hapa wanaishi mlangoni mwa hifadhi na wengi wao hawajawahi kuingia ndani. Walisikia habari ya kambi ile wakanyamaza kabisa, na darasa langu halijui kunyamaza.

Nikawachorea safu tatu ubaoni: Nimeona nini. Kinaishi vipi. Nimejuaje. Hiyo ya tatu niliiongeza mwenyewe, hakuna aliyenituma. Nilisoma mahali kwamba mtu wa sayansi hasemi jambo bila kueleza amelijuaje, nikaona ni neno zuri. Tena nikakusanya vifutio vyote nikavitia kwenye kopo. Ukikosea, piga mstari mmoja na uendelee, nikawaambia, kufuta ni kusema uongo kwa penseli. Nilijiona nimesema. Mtu aliyezaliwa hapa asingefanya kosa hilo. Mimi nilitoka kwenye miti ya mbao na mashamba ya chai, sikujiuliza watoto wa huku wanyama wamewajulia wapi.

Siku ya safari hatukuwa na gari. Tulitembea hadi mto mdogo ulio mpakani, tukabaki upande wetu, maana ng'ambo ni pori la akiba. Tulikuwa na mwalimu wa hesabu, Mwalimu Chacha, ambaye kazi yake ilikuwa kuwahesabu watoto, na kila alipohesabu alipata jibu jipya.

Ng'ambo walikuwepo swala watatu. Nikauliza, "Wale wanaitwaje?"

"Swala pala," wakajibu.

"Wana faida gani kwa binadamu?"

Wakatazamana. Halafu mvulana mmoja wa nyuma akasema polepole, "Inategemea na sehemu, mwalimu."

Kicheko kikapasuka. "Mura, nyamaza," mwenzake akamwambia huku akimpiga kiwiko.

Mwalimu Chacha akawaokoa. "Faida yao ni utalii."

"Utalii," wakaitikia wote kwa pamoja, kama watu wanaoapishwa mahakamani.

Hapo ningepaswa kuelewa. Sikuelewa. Nilikuwa nimemwona ndege fulani wa bluu nikamfuata kando ya maji, na msichana mmoja akanishika mkono. Nitamwita Nyangeta. Si jina lake, maana bahasha husafiri na watu.

"Hapo hapapitwi, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Hapapitwi tu. Pitia huku."

Nikatazama, nikaona majani. Nikapitia huku.

Jumamosi asubuhi nilikaa barazani na madaftari na chai ya rangi. Mengi yalikuwa kama nilivyotegemea. Mti una majani ya kijani, nimejuaje, nimeona. Nikafungua la Nyangeta, chai ikapoa.

Baba, mtoto ana miaka kumi na miwili. Alikuwa amechora nyayo za wanyama tisa, mbele na nyuma, na akaonyesha jike na dume wanavyotofautiana. Nakuandikia sehemu chache tu kama alivyoandika.

"Pundamilia wana njia moja ya maji, hawaibadilishi mpaka mvua. Nimejuaje: nyaya huwekwa hapo."

"Fisi huja usiku, tai huja kukipambazuka. Wakimaliza hubaki kwato. Nimejuaje: tulichelewa."

"Swala mwenye mimba hujitenga na wenzake. Nimejuaje: baba akimkuta mzima kwenye waya humfungua. Mmoja alimpiga teke la mbavu, baba hakwenda kanisani Jumapili hiyo."

Na ukurasa wa mwisho kulikuwa na mchoro wa waya, kitanzi na urefu wake kutoka chini, kwa digidigi, kwa swala, kwa nyumbu. Umechorwa kwa rula.

Nilicheka pale kwenye teke, nakiri. Halafu nikafunga daftari nikalikalia. Daftari hilo likifika kwenye meza ya maonyesho, askari hawahitaji kumtafuta mtu, wanasoma tu. Kwa kosa hilo huku mtu huenda jela mpaka mtoto aliyemwacha mgongoni aote ndevu. Na lisipofika, mtoto aliyeandika vizuri kuliko hata mimi ninavyoweza haendi popote.

Jumatatu nilimwita. Nikampa daftari jipya, nikamwambia anakili yote isipokuwa safu ya tatu, huko aandike amesoma kitabuni.

"Kitabu gani, mwalimu?"

"Chochote."

"Wakiniuliza kinaitwaje?"

Nikamwambia sema umesahau. Akaniangalia vile mama anavyomwangalia muuza samaki. "Lakini sijasoma, mwalimu. Nimeonyeshwa na baba. Nimeshamwambia kwamba nimemwandika."

Kesho yake baba mwenyewe alikuja. Ni mtu mrefu, mkimya, amevaa koti la suti na ndala. Hakutaka kiti cha ofisini. Aliingia darasani watoto wakiwa mapumziko, akajikunja kwenye dawati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nasikia nipo kwenye daftari."

"Upo."

"Ukurasa gani?"

"Karibu zote."

Akaomba nimsomee, kusoma hajui. Nikasoma kuanzia mwanzo. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika kwa pofu, yule mnyama wa jamii ya swala mkubwa kama ng'ombe, pale mtoto alipoandika kwamba dume kubwa likitembea mguu wake wa nyuma hulia ka, ka, ka, akainua mkono.

"Hapo amekosea. Ni mguu wa mbele."

Nikapiga mstari mmoja, nikaandika "mbele". Sikujua la kufanya zaidi ya hilo.

Nilipomaliza nikamweleza yote mawili, kupeleka na kutopeleka. Akauliza, "Huko kambini wanafundisha nini?"

"Wanyama."

Akacheka kidogo, bila sauti. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nina watoto sita. Siwezi kukuambia peleka. Na huyu ni mtoto wangu, siwezi kukuambia usipeleke. Wewe ndiye uliyewaambia waandike kweli." Akajikunjua kutoka kwenye dawati, akaondoka.

Alhamisi bwana wa kofia alikuja. Akahesabu madaftari, yalikuwa thelathini na tisa. Akauliza la arobaini. Nikamwambia liliangukia mtoni, likalowa, likaharibika. Nilisema vizuri tu, sikukwama popote. Nilipogeuka nilimwona Nyangeta mlangoni na sahani ya viazi vitamu vya mgeni. Aliweka sahani mezani, akamwamkia mgeni, akatoka.

Aliyechaguliwa ni mvulana mmoja mtiifu ambaye safu yake ya tatu, kutoka mwanzo hadi mwisho, ina maneno mawili: "Mwalimu alisema." Yule bwana akanionyesha akasema huyu anafuata utaratibu. Nikamshukuru, kwa kuwa sifa ilikuwa yangu.

Sasa nakuja kwako. Wewe ulilinda msitu wa serikali maisha yako yote. Ulimkamata mjomba kwa mkaa wa gunia moja, na mama akakupa chakula cha baridi mwezi mzima, hukutetereka. Najua utakachosema kuhusu nyaya. Nami nasema hivyohivyo. Nimeona pundamilia aliyekatwa mguu na waya, hakufa upesi. Sikuandikii ili uniambie sheria, Baba, sheria naijua, ilikuja na kofia pana nikaikaribisha viazi. Nakuandikia kwa sababu wewe peke yako, kati ya watu ninaowajua, unaweza kusoma daftari lile na kuona lina nini ndani.

Ndiyo, limo kwenye kifurushi hiki, chini ya kitenge cha mama. Jalada nimelichana, jina halipo popote. Nikibaki nalo hapa, siku moja woga utanifanya nilichome. Nimeshasogea jikoni nalo mara mbili. Wewe liweke na karatasi zako za kazi, hakuna anayezigusa. Kabla ya hapo lisome, na ulisahihishe. Mimi, ukiacha ile "mbele" ya baba yake, sijaweka alama hata moja, mkono umekataa. Tumia penseli, na uandike kama unavyomwandikia mtu wa kazi, siyo mtoto. Akiwa amekosea mwambie. Ukikutana na jambo ambalo msituni hukulijua, mwambie na hilo.

Nisalimie shangazi muuza maparachichi, mwambie huku yakifika yamechoka kama mimi. Msalimie mdogo wangu wa cherehani, gauni lake watu wanalisifu na mimi nasema nilinunua dukani, asijivune. Mama mkubwa anayeimba kwaya mwambie kwaya ya huku inahitaji sauti yake, hata kutokea hukohuko. Mjomba pia msalimie, na ukimpa salamu hizi usimpe na mawaidha.

Nimalizie na la juzi Ijumaa. Watoto walipotoka, Nyangeta alibaki akifuta ubao ambao haukuwa na kitu. Nikamwambia, "Halikulowa."

"Najua," akasema. "Hujaingia mtoni hata vidole."

Nikamwambia linakwenda kwa mzee mmoja, mbali sana, aliyefanya kazi msituni miaka mingi. Akaacha kufuta.

"Ni askari?"

Sikutaka kumdanganya tena. "Alikuwa."

Akaendelea kufuta, juu, chini, pembeni. Nilidhani atalia au atanitukana, na yote mawili nilikuwa na haki ya kuyapata. Akauliza tu, "Atalisoma lote?"

"Lote."

"Basi mwambie kwenye mchoro wa ngiri karatasi ilikwisha. Mkia alikuwa ameusimamisha."

Nimekuambia.

Mwanao mwenye kukuheshimu,
Lusungu